Mpeni mzee matendo ya mtu, msimpe sura yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja ya msomaji mwenzangu ambaye, wiki chache zilizopita, alipendekeza kwamba ofisi za serikali za mitaa hapa Dodoma zisimruhusu mtu aliyevuka miaka 60 kutia saini ya kuuza kiwanja au shamba mpaka mtoto wake awepo, kwa kuwa, kwa maneno yake, uzee humwondolea mtu uwezo wa kumtambua mwema na mbaya. Sikuandika siku ile ile kwa sababu hoja hiyo iliniumiza, nami nilitaka kuijibu kwa utulivu. Msomaji huyo hakuwa na nia mbaya. Baba yake alitapeliwa, na uchungu wake ulionekana katika kila sentensi aliyoiandika. Hata hivyo, pendekezo lake likikubaliwa litawaumiza wazee wengi ambao hawajatapeliwa na mtu yeyote, na wala halitamzuia tapeli.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 71. Nilifundisha katika wilaya tatu za mkoa huu, na baada ya kustaafu niliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la kata, ambako nilikaa miaka sita nikisikiliza mashauri ya ardhi. Kazi zote mbili zilinilazimisha kumpima mtu nisiyemjua kwa muda mfupi: mtoto aliyeletwa shuleni asubuhi ile, mlalamikaji aliyeketi kwenye benchi mbele yangu. Kwa hiyo nimejitazama mwenyewe nikizeeka ndani ya kazi hiyo, na ninajua kwamba namna ninavyomweka mtu akilini mwangu leo si ile niliyokuwa nayo nilipokuwa na miaka 30. Imebadilika, sikatai. Ninachokikataa ni dai kwamba mabadiliko hayo yote ni hasara.

Niseme mapema ninachokiamini, ili msomaji ajue ninakokwenda. Mzee aliyewekewa mbele yake matendo ya mtu humpima mtu huyo vizuri, na mara nyingi vizuri kuliko kijana. Mzee aliyewekewa sura, mavazi na maneno matamu peke yake yumo katika hatari kubwa kuliko kijana. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja. Anayelishika la pili tu huishia kutunga kanuni za kuwadhalilisha wazee, na anayelishika la kwanza tu huwasifu wazee kwa busara zao kisha akawaacha peke yao na dalali.

Nianze na hasara, kwa kuwa imeigusa familia yangu. Dada yangu ana miaka 76, ni mjane, na anaishi pembezoni mwa jiji kwenye shamba la zabibu ambalo yeye na marehemu shemeji yangu walilipanda kwa mikono yao wenyewe. Miaka michache iliyopita alimjia mwanamume wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya upole, akamsalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akamtua ndoo ya maji, akaketi kwenye kigoda bila kungoja aletewe kiti. Alikuja mara tatu kabla ya kutamka neno lolote juu ya ardhi. Mjukuu wa dada, msichana wa kidato cha tatu, alimwambia bibi yake tangu usiku wa kwanza kwamba mtu yule anatabasamu kwa mdomo tu, macho yake hayatulii. Dada alimkemea kwa kumsema vibaya mgeni. Ekari moja na nusu ikauzwa, malipo ya kwanza yakatolewa, na ya pili hayajaja mpaka leo, huku ardhi yenyewe ikiwa imekwisha kuuzwa tena kwa watu wawili tofauti. Baadaye nilimuuliza dada alikuwa ameona nini usoni mwa mtu yule. Alinijibu kwamba aliona mtoto wa watu, aliyelelewa. Hakuwa akijitetea; ndicho alichokiona kweli.

Mjukuu wangu mimi, aliyesomea ushauri nasaha, ndiye aliyenitafutia na kunifafanulia maandiko ya wataalamu baada ya tukio lile, na huko nilikuta jambo lililonifanya nimwombe dada msamaha kwa maneno niliyomwambia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, akiwemo mwanasaikolojia Shelley Taylor, waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso za watu. Nyuso zilizoonekana za kuaminika, na zile za kawaida, wazee walizipima karibu sawa na vijana. Tofauti ilikuwa kwenye nyuso zenye dalili za kutoaminika: wazee waliziona kuwa za kuaminika zaidi na za kukaribika zaidi kuliko vijana walivyoziona. Walipopimwa ubongo, sehemu iitwayo insula, ambayo husaidia kumpa mtu ile hisia ya tumboni kwamba hapa pana jambo lisilo sawa, iliamka kwa kiwango cha chini kwa wazee kuliko kwa vijana. Kwa hiyo msichana wa kidato cha tatu na bibi yake waliketi na mgeni mmoja, wakautazama uso mmoja, na mmoja wao akapigiwa kengele ambayo kwa mwenzake ililia kwa sauti ndogo mno. Dada hakuwa mzembe wala mwenye tamaa, kama baadhi ya ndugu walivyodiriki kusema.

Ni kweli kwamba utafiti ule ulihusu picha, na ulifanyika Marekani. Lakini unakwenda pamoja na mengine yanayojulikana kwa miaka mingi: kwamba kadiri umri unavyosonga, mtu hupata shida zaidi kutambua hasira, hofu na huzuni katika uso wa mwenzake, na kwamba watu wa kila rika huzitofautisha vizuri zaidi nyuso za rika lao. Hili la mwisho nalijua vizuri. Nilipoanza kazi niliweza kuwatambua watoto wote wa darasa jipya katika wiki moja. Karibu na kustaafu nilihitaji mwezi, na mwanzoni wavulana wote walifanana machoni pangu.

Tusisahau pia macho na masikio yenyewe. Wakati ule dada alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tulikuja kulijua hilo baadaye, alipofanyiwa uchunguzi. Mtu asiyeona vizuri mkunjo mdogo kando ya jicho la mwenzake ananyimwa nusu ya habari ambazo uso hutoa. Masikio yakipungua, maneno huenda yakafika, lakini kigugumizi kidogo, sauti inayopanda ghafla, pumzi inayokatika kabla ya kutaja bei, hivyo havifiki. Na mzee asiyesikia vizuri mara nyingi hutikisa kichwa kwa adabu, ili asimchoshe mgeni kwa kumwomba arudie, kisha kule kutikisa kichwa kunahesabiwa kuwa amekubali. Nimewahi kuona shauri zima likisimama juu ya jambo hilo moja.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu haitokani na udhaifu wa mwili. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwa miongo mingi kwamba mtu anapoona muda uliobaki mbele yake umekuwa mfupi, hubadilisha anachokitafuta kwa watu. Kijana hukusanya watu, wema na wabaya, kwa kuwa hajui ni yupi atamfaa kesho. Mwenye siku chache huchagua amani, watu wa karibu na mambo yenye maana, na akili yake hujielekeza zaidi kwenye mazuri kuliko mabaya, katika kuyaona na katika kuyakumbuka. Si suala la mishipa ya ubongo peke yake. Kabla ya Hong Kong kukabidhiwa kwa China mwaka 1997, watafiti walikuta kwamba hata vijana wa huko, kwa kuhisi kwamba kitu fulani kinafika mwisho, walielekea kuwachagua watu wao wa karibu kama wazee wanavyofanya. Nilipofafanuliwa hayo nilimwelewa dada. Mwanamke aliyewazika mume na watoto wawili hataki kuyatumia machweo yake kuwashuku watu wanaomtua ndoo. Tapeli yule alilijua hilo, pengine bila kusoma kitabu chochote.

Hiyo ndiyo hasara, na sijaipunguza. Sasa nieleze upande ambao msomaji mwenzangu hakuutazama.

Katika ukoo wetu ililetwa posa. Kijana aliyeposa alikuwa na shahada, ajira katika moja ya ofisi zilizohamia hapa, gari, na lugha ya heshima. Vijana wetu wote walimpenda tangu siku ya kwanza. Washenga walipokuwa wakizungumza, mmoja wao alipitisha kwa haraka habari kwamba miaka kadhaa nyuma kijana yule alikabidhiwa na ndugu zake fedha za matibabu ya baba yao, na kwamba fedha hizo zilichelewa kufika hospitali kwa sababu alizifanyia jambo jingine kwanza; lakini, akaongeza, tangu hapo amewajengea wazazi nyumba na anawasomesha wadogo zake wawili. Vijana walilisikia la kwanza na la pili, wakajumlisha, wakaona mema ni mengi. Shangazi yetu, aliyekuwa amekaribia miaka 80, alilisikia la kwanza akanyamaza. Usiku alisema neno moja tu: aliyeweza kuishika fedha ya mgonjwa ambaye ni baba yake ataishika ya mkewe. Posa haikuendelea. Kama shangazi alikuwa sahihi hatutajua kamwe, maana ndoa ambayo haikufungwa haina ushahidi. Ninachojua ni kwamba hakuwa ameshindwa kupima. Alikuwa anapima kwa mizani tofauti, na mizani hiyo ina maelezo yake.

Thomas Hess wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na wenzake, walichunguza kati ya miaka ya 1990 na 2000 jinsi watu wa umri mbalimbali wanavyounda picha ya mtu kutokana na orodha ya matendo yake. Si kila tendo lina uzito sawa katika kumweleza mtu. Katika uaminifu, tendo moja baya husema zaidi kuliko mema mengi, kwa kuwa hata mwizi hulipa nauli na kurudisha chenji siku nyingi za maisha yake, ila mwaminifu hachukui fedha ya mgonjwa. Katika uwezo wa akili mambo hugeuka: mafanikio makubwa mara moja husema zaidi kuliko kushindwa mara nyingi. Mwalimu yeyote analijua hili. Mtoto mwerevu anaweza kufeli majaribio kwa sababu ya njaa, lakini hakuna mtoto anayeibahatisha hesabu ngumu ya mafumbo yenye hatua sita. Hess na wenzake walikuta kwamba watu wazima na wazee waliutumia uzito huu wa matendo vizuri zaidi kuliko vijana. Vijana walielekea kuibadilisha picha ya mtu kila walipopewa habari inayopingana na ile ya kwanza, iwe nzito au nyepesi. Wazee waliibadilisha hasa pale habari mpya ilipokuwa inasema jambo zito juu ya tabia ya mtu. Huko ndiko shangazi alikokuwa amesimama usiku ule, bila kumsikia mtafiti yeyote.

Uwezo huo haukutoka hewani. Kasi ya akili hupungua tangu utu uzima wa mapema, hilo limethibitishwa mara nyingi, lakini maarifa yaliyokusanywa, ya maneno, ya watu, ya jinsi mambo yanavyoelekea kuishia, hudumu na hata kuongezeka kwa miongo mingi baadaye. Mtu aliyeona ndoa arobaini zikianza na kumi kati yake zikivunjika ana hazina ambayo kijana hawezi kuipata kwa kusoma usiku kucha. Ila hazina hiyo inafunguliwa na matendo. Uso wa mtu haufungui.

Katika baraza la kata nilijifunza pia kwamba hali anayowekewa mzee ndiyo inayoamua kama atapima kwa hazina yake au kwa mkato. Mashauri yetu yalianza saa tatu asubuhi, na siku za msongamano tulikuwa bado kwenye mabenchi yale ya mbao saa kumi jioni. Nilianza kuweka kumbukumbu zangu binafsi, na nikaona jambo lililonitia aibu: maneno kama “watu wa kule ndivyo walivyo,” au “vijana wa bodaboda wote ni hao hao,” hayakusemwa asubuhi. Yalisemwa baada ya chakula cha mchana, tukiwa tumechoka, na mara mbili niliyasema mimi. Ni jambo linalojulikana kwamba wazee wengi hufikiri vizuri zaidi asubuhi kuliko alasiri. Inajulikana pia, kutokana na kazi ya William von Hippel na wenzake iliyochapishwa mwaka 2000, kwamba uzee unaweza kudhoofisha ile nguvu ya kuzuia wazo la upendeleo lisipenye kwenye hukumu, hata kwa mtu ambaye hapendi kulitumia wazo hilo. Picha ya jumla ya kabila au ya rika humjia kila mtu akilini. Kijana mwenye nia njema huisukuma kando; mzee mwenye nia njema ile ile, akiwa amechoka, huenda asiwahi.

Lakini Hess alikuta jambo lingine la kutia moyo: wazee huchagua mahali pa kutumia nguvu zao. Jambo likiwahusu, au wakijua kwamba watatakiwa kueleza hukumu yao, hupima kwa makini zaidi. Nilimwomba mwenyekiti wetu kwamba kila mjumbe, kabla ya kutoa maoni, ataje tendo moja la mlalamikaji na tendo moja la mlalamikiwa ambalo ndilo lililomwongoza. Alikubali. Yale maneno ya “watu wa kule” yalipungua sana, kwa sababu hayana tendo ndani yake.

Jambo la pili tulilolibadilisha lilihusu mpangilio. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu asiyetajwa jina: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye husuda. Wengine aliwasomea sifa hizo hizo kuanzia mwisho. Walioanza na werevu walimwona mtu yule kuwa mwema kwa ujumla mwenye kasoro zake; walioanza na husuda walimwona mtu mwenye matatizo. Sifa zilikuwa zile zile. Barazani, mlalamikaji ndiye anayesema kwanza, na kwa wajumbe wenye umri wetu, ambao kushika mengi akilini kwa wakati mmoja kumekuwa kazi, maneno ya kwanza hujenga nyumba ambayo ya mwisho hulazimika kuingia kama mgeni. Tukaanza kwenda shambani kwanza, kuona mipaka, minyaa na mti uliopandwa na nani, kabla ya kusikia mdomo wa mtu yeyote. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 mabaraza hayo yamebaki na kazi ya kusuluhisha, lakini ninaamini utaratibu huo ungefaa hata katika usuluhishi.

Hapa naomba niguse uvumi, kwa sababu unaharibu picha za watu katika mitaa yetu kuliko dalali yeyote. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani na Kanada walionyesha kwamba wazee walioambiwa mara kadhaa kuwa dai fulani ni la uongo walielekea, baada ya siku tatu, kulikumbuka kama la kweli, zaidi ya wazee walioambiwa mara moja. Dai lenyewe lilibaki likiwa limezoeleka masikioni. Lile neno “si kweli” ndilo lililodondoka njiani. Fikiria basi mtaa ambao kiongozi anakwenda nyumba kwa nyumba akisema kwamba si kweli bibi fulani ni mchawi. Nimeona bibi wa namna hiyo akizidi kukwepwa baada ya kutetewa, na wanaomkwepa zaidi walikuwa wazee wenzake. Ingefaa kusemwa kwamba bibi yule alipika kwa kuni miaka 60, na moshi ndio uliomwekundisha macho. Katika nchi hii kuna wanawake wazee waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyodhaniwa kuwa alama ya uchawi, nami siwezi kuandika juu ya jinsi watu wanavyosomana nyuso bila kusema kwamba uso wa mzee nao husomwa vibaya. Mikunjo ya paji la uso iliyochongwa na jua la Dodoma huonekana kwa kijana kama hasira, wakati mwenye uso amekaa tu.

Sasa nirudi kwenye pendekezo la msomaji mwenzangu, na kwenye jiji letu. Kwa sensa ya mwaka 2012, Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Kwa sensa ya mwaka 2022, Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179. Serikali ilihamia, hadhi ya jiji ikaja mwaka 2018, majengo ya serikali huko Mtumba yakainuka, na mashamba ya mtama na zabibu yakageuka viwanja. Ninafurahia maendeleo hayo, na wanangu wanakula kutokana nayo. Lakini yamewanyang'anya wazee kifaa chao cha kupimia watu. Zamani mgeni aliyefika kijijini hakupita salamu bila kuulizwa anatoka kwa nani, mvua za huko zikoje, mifugo ya baba yake imepona, ni nani aliyemzika babu yake. Kijana mwenye haraka aliziona salamu zile ndefu kuwa za kuchosha. Kumbe ndizo zilizokuwa zikikusanya matendo. Mtu alikuwa amepimwa kabla hajapewa maji ya kunywa. Leo mgeni anashuka kwenye gari mlangoni akiwa hana ukoo wala jirani anayemjua, ana uso na simu tu, na mzee anaambiwa aamue kabla ya jioni kwa sababu kuna mteja mwingine anasubiri. Tumempokonya mzee kile anachokijua vizuri, tumemwachia kile ambacho umri umempunguzia, kisha tunaandika magazetini kwamba amepoteza uwezo.

Kumtaka mtoto awepo hakurudishi kifaa hicho. Niliyoyasikia barazani yananilazimisha kusema wazi: katika mashauri mengi ya mzee kupoteza ardhi, aliyemleta mnunuzi nyumbani alikuwa mtoto wake mwenyewe, au mkwe, na mzee alitia saini kwa kuwa uso uliokuwa mbele yake ulikuwa wa mtu aliyemzaa. Na vipi kuhusu wasio na watoto, au ambao watoto wao wako Mwanza na Dar es Salaam? Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, bila kuweka ukomo wa umri wa juu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inayoutaja umri wa miaka 60, ilitungwa ili wazee watambuliwe na kulindwa. Umri huo usigeuzwe kuwa mstari wa kumnyima mtu saini yake.

Ninachowaomba watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa ni chepesi kuliko kanuni mpya. Mauziano ya ardhi yanayomhusu mzee yasikamilishwe siku ile ile yalipoletwa. Yapangwe asubuhi, mahali penye mwanga na pasipo kelele za mashine ya kusaga, na maandishi yasomwe kwa sauti ya kutosha na kurudiwa na mzee mwenyewe kwa maneno yake, si kwa kutikisa kichwa. Mnunuzi alete watu wawili waliowahi kufanya naye biashara ya ardhi, waeleze alichokifanya: alilipa lini, alimaliza lini, alichelewa wapi, aligombana na nani. Mzee asikie hayo kabla hajauona uso wa mnunuzi, kama inawezekana, kisha aachwe alale nayo. Na awepo mtu wa pili wa kumsikilizia, ambaye mzee mwenyewe amemchagua; akimchagua mjukuu wa kidato cha tatu, basi awe huyo, maana macho yake yanaona kile ambacho ya bibi hayakioni, na bibi naye anajua lipi la kuuliza.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka jana. Mwezi uliopita alikuja mtu anayetaka kukodi sehemu ya shamba iliyobaki, mwanamume kijana, mchafu wa vumbi, asiye na maneno mengi. Dada alimpa maji, akamuuliza ni nani aliyewahi kumkodishia, na mgeni akaandika namba mbili za simu kwenye karatasi ya daftari. Dada alinikabidhi karatasi ile nipige. Wa kwanza hakupokea. Wa pili, mwenye shamba huko Hombolo, alizungumza nami karibu nusu saa. Alisema kijana yule alivuna vibaya msimu mmoja, akaja mwenyewe kuomba muda kabla ya siku ya malipo, na akamaliza deni miezi miwili baadaye. Nilimsimulia dada neno kwa neno. Akaniuliza kama nina uhakika kwamba kijana alikuja mwenyewe, kabla ya siku ya malipo, bila kufuatwa. Nilipiga simu tena kuuliza hilo tu. Mkataba utasainiwa Jumanne saa tatu asubuhi, na mjukuu ameomba ruhusa shuleni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma